Usipite kwa Balozi

Nangara, Babati
6 Februari 1983

Mdogo wangu Damiani,

Huku sote wazima: mimi, Katarina, na yule ng'ombe uliyesema hatafika Krismasi. Hofu yangu ni wewe unayelala mpakani, mguu mmoja huku na mmoja kule.

Mgeni wako Rehani amefika salama na dawa za Katarina. Nimezipokea kwa mikono miwili. Hospitali ya misheni waliniambia tena kwamba vidonge vya kifafa havipo, haijulikani vitakuja lini, nizidi kusali. Nikamwambia sista kusali nasali, lakini mtoto akianguka sala haimshiki kichwa. Tangu aanze kumeza hivi vyako hajaanguka. Amerudi shule. Wenzake bado hawataki kula naye sahani moja, yeye anacheka tu, anasema ndiyo maana anashiba.

Huyo Rehani amelelewa. Nimempa hela zote za maharage niliyomwuzia Sadallah mwenye duka, akasema mtazibadilisha huko ziwe za Kenya, mzigo mwingine wa dawa uje baada ya Pasaka. Alianza kunieleza shilingi yetu inavyopokelewa huko kwenu nikamwambia anyamaze, nisije nikalia mbele ya mgeni.

Jioni nilimpeleka kwa Mzee Marseli, balozi wetu wa nyumba kumi, asalimie kama mgeni mwingine yeyote. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Mzee alimwuliza anatoka wapi, anafanya kazi gani, atarudi lini, naye akajibu kwa adabu. Baadaye Mzee akaniambia, "Mama Katarina, wageni kama huyu waje kila siku."

Nawe njoo basi, hata kwa Pasaka. Unasema wewe ni karani wa nyumba ya wageni. Karani gani huyo anayemtumia dada yake viatu vya ngozi? Nakutania tu.

Barua hii anakuja nayo Severine, yule mama wa vitunguu. Majibu mpe yeye, usitie posta.

Dada yako,
Xaveria


Namanga
20 Februari 1983

Dada Xaveria, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Kuhusu Katarina nimefurahi mpaka mwenye nyumba ya wageni akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Sasa nisikilize kwa utulivu. Siku nyingine Rehani akija, aingie, akupe mzigo, ale, aondoke. Kumpeleka kwa balozi hakuna haja.

Najua utanuna. Lakini dada, hizi si nyakati za kutembeza wageni. Unakumbuka nilivyokwenda benki Arusha na karatasi ya daktari kuomba fedha za kigeni kidogo, za dawa tu? Wakanipa fomu. Fomu ikaenda Dar es Salaam. Nimepata jibu mwezi uliopita: "Ombi lako linashughulikiwa." Ningelingoja lile ombi, Katarina angekuwa wapi? Kwa hiyo tunabadilisha hela huku uani, nyuma ya maduka, kwa watu wasiouliza jina. Kwa kufanya hivyo mimi na Rehani tunaitwa walanguzi, na mtu akikamatwa hapa hakuna anayesema neno. Wenzake wanatazama chini tu. Usidhani kule ng'ambo ni peponi. Na wao wananong'ona vilevile. Huku nimejifunza kuzungumza mdomo ukiwa umefungwa, na usiku nasaga meno. Mwenzangu wa chumbani amelalamika.

Pasaka siji. Kazi nyingi.

Mdogo wako,
Damiani


Nangara
6 Machi 1983

Damiani,

Ndiyo, nimenuna. Umejuaje?

Mgeni asiyepelekwa kwa balozi watu humwita nani? Mwizi. Baba yetu hakuwahi kulaza mgeni kabla ya kumpeleka kwa mkubwa wa mtaa, hata kabla Chama hakijazaliwa. Na huyu Marseli si mtu wa kando. Mume wangu alipofariki, watu waliogopa kuingia kwangu kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto, wakisema ni laana inayoambukiza. Marseli aliingia. Alichimba kaburi kwa mikono yake, na umri ule. Ndiye baba wa ubatizo wa Katarina. Leo niletewe mgeni nimfiche asimwone, nimfiche Marseli?

Wewe umekaa na watu wasiouliza jina mpaka umesahau jinsi watu wanavyoishi. Dawa nazitaka, na Rehani namkaribisha, lakini nyumba yangu sitaigeuza pango.

Katarina anakusalimu. Amejifunza kuandika jina lako, ameandika ukutani kwa mkaa.

Xaveria


Nangara
14 Aprili 1983

Damiani,

Wamemchukua Rehani.

Vumilia mwandiko. Unajua tangu mwezi uliopita redio haisemi kingine ila wahujumu uchumi, na mgambo wanapita nyumba kwa nyumba. Nilidhani hawatamjali mtu mwenye mkoba wa dawa. Jumamosi mchana amefika, mkoba begani. Nikamwambia kabla hujafungua chochote, twende tukasalimie. Alisita mlangoni. Akasema, "Mama Katarina, leo tuache, nimechoka." Nikamwambia usinitie aibu, ni nyumba ya nne kutoka hapa. Nikamvuta mkono wa shati.

Mzee Marseli alifurahi kweli. Tulikula kande. Tulipoaga, Mzee akatusindikiza mpaka barabarani kwa kuwa naye alikuwa anakwenda ofisi ya tawi la Chama, kama kila Jumamosi. Rehani akaniambia ngoja nikaswali alasiri kwanza, kisha nije nikutolee mzigo. Nikarudi nyumbani kuwasha moto. Wamemkamata nje ya msikiti, anavaa viatu. Mkoba wote umekwenda, dawa na hela za Kenya zilizosalia. Sasa yuko Arusha, na wanasema kwa kesi hizi hakuna dhamana wala wakili.

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Nani alijua kuwa yuko mjini? Mimi na Mzee. Na Sadallah! Sadallah alikuwa msikitini, wamesimama safu moja. Sadallah ndiye aliyenunua maharage yangu, ndiye anayejua hela zilikokwenda. Amemwuza ili yeye aachwe. Nimewaambia wanawake kisimani wamwogope huyo mtu. Dukani kwake sikanyagi tena.

Dawa ziko za kumfikisha mwisho wa mwezi nikizikatakata. Nisaidie, mdogo wangu.

Xaveria


Namanga
23 Aprili 1983

Dada, shikamoo.

Nimeipata. Sijalala vizuri tangu hapo.

Nakuomba jambo moja tu: mwache Sadallah. Usimseme kisimani wala mahali pengine. Si yeye. Usiniulize nimejuaje. Aliyemtaja Rehani hakukusudia mabaya, na kumtafuta hakutamtoa Rehani wala hakutamletea Katarina dawa.

Barabarani sasa wanapekua mpaka ndani ya magunia. Nitatafuta njia. Wewe funga mdomo, lima shamba lako, mtazame mtoto. Mzee Marseli msalimie tu kama kawaida. Usimsimulie habari zangu, hata akiuliza kwa wema.

Damiani


Nangara
9 Mei 1983

Damiani,

Katarina ameungua.

Nilikuwa uani napepeta, nikasikia kishindo. Alianguka jikoni, mkono ndani ya mafiga. Mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Hospitali wamempaka kitu cha rangi ya zambarau, wakamfunga na kipande cha shuka kwa kuwa bandeji hakuna. Hawezi kushika kalamu. Usiku analia akimwita marehemu baba yake, na mimi namlilia huyohuyo.

Wewe unaniambia nifunge mdomo! Unaniambia si Sadallah, hutaki kusema nani. Unamlinda nani? Maana mimi nikimjua aliyemwuza Rehani nitakwenda kumwonyesha mkono wa huyu mtoto, nitamwambia tazama, kula faida yako.

Haya, na habari nyingine. Duka la Sadallah limepekuliwa. Walikuta sabuni na khanga chini ya kitanda. Walimweka ndani siku kadhaa, amerudi amekonda na duka limefungwa. Watu wote wameingiwa na woga. Wenye vitu wamevitupa ziwani. Asubuhi moja ukingo ulijaa povu la sabuni, watoto wakaenda kufua nguo za shule bure. Niliposikia ya Sadallah nilifurahi. Kisha nilimwona mkewe Mosi akipita na kikapu kitupu, furaha ikanitoka, sijui kwa nini.

Aliyebaki kutufariji ni Mzee Marseli. Alimbeba Katarina mpaka hospitali na kurudi, hakuogopa mate wala nini. Alilia, Damiani. Akasema hata yeye hajaelewa kilichompata Rehani, kwa kuwa Jumamosi ileile alimsifu vizuri kabisa mbele ya katibu wa tawi: kijana ana heshima, anatoka Namanga, huja mara kwa mara kwa Mama Katarina, leo yupo hapa hapa mjini, amekwenda kuswali. Unaona? Mtu aliyesimama kumtetea ni huyo mmoja tu, nawe unasema nisimsimulie kitu.

Dawa zimekwisha.

Xaveria


Namanga
20 Mei 1983

Dada Xaveria,

Isome mara ya pili barua yako mwenyewe. Nimekurudishia humu.

Nilikuwa nimeamua kukaa na jambo hili mpaka nife. Lakini Sadallah amelala ndani kwa maneno ya kisimani, na mkewe anapita na kikapu kitupu, kwa hiyo siwezi tena. Hakuna aliyemwuza Rehani. Wewe ulimpeleka akasalimie, na Mzee Marseli akaenda ofisi ya tawi akasema alichokiona, kama afanyavyo kila Jumamosi tangu tukiwa wadogo. Hiyo ndiyo kazi ya balozi. Ilikuwa kazi hiyo hata wakati wageni wetu walikuwa shangazi na mbuzi wake. Wewe na Mzee mlifanya mlivyofundishwa, na aliyewasikiliza akaita mgambo.

Na mimi nilikuficha. Sijawahi kuwa karani. Ninayebadilisha hela ni mimi, na ile mkobani ilikuwa yangu. Rehani alikuwa anabeba tu, na kwenda Babati alikwenda kwa ajili ya Katarina. Biashara yetu haifiki huko. Nimepata habari kwamba wanamwuliza kila siku hela ni za nani, naye hajanitaja. Mimi niko hapa nakunywa chai, yeye yuko kule ananyamaza kwa niaba yangu. Kila gari likisimama nje nashika viatu.

Severine anakuja na gunia la vitunguu. Kilichofungwa ndani ya vile vikubwa ni chako. Mpe Katarina kidogo kidogo, sijui lini nitapata njia tena.

Nitukane ukipenda.

Damiani


Namanga
12 Juni 1983

Dada,

Severine anasema alikukabidhi vitunguu na barua, ukasoma, ukaingia ndani bila kumkaribisha maji. Hukumpa jibu. Niambie kama Katarina anameza vidonge. Hilo tu.

Damiani


Namanga
3 Julai 1983

Dada,

Niandikie hata tusi moja. Naanza kuota mambo.

D.


Nangara
31 Julai 1983

Damiani,

Vidonge anameza. Hajaanguka tangu viingie. Mkono umepona lakini vidole viwili vimeshikana, anaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na uso. Nilikaa ndani siku nyingi. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe, "Usinitie aibu," na ule mkono wa shati. Alikataa, Damiani! Alisimama mlangoni pangu akakataa, nikamvuta.

Kisha nilikwenda kisimani asubuhi wakati kumejaa. Mosi alikuwepo. Nikasema mbele ya wote, nilimsingizia mume wako, na aliyempeleka Rehani ni mimi. Mosi alijaza ndoo yake mpaka juu, akaweka ngata kichwani, akaniambia, "Mama Katarina, ulisema kwa mwezi mzima, leo umefuta kwa siku moja. Endelea kufuta." Akaondoka. Jioni alimtuma mtu aniletee kibaba cha chumvi.

Nilikwenda pia kwa Mzee. Nilikuwa nimepanga maneno makali njiani. Nilimkuta anapanda juu ya kiti kufunga upya kamba ya ile bendera ya Chama, nikamshika kiti asianguke, maneno yakaisha. Nikamwambia tu. Alishuka, akakaa hapo chini. Akaniuliza, "Nilimtaja mpaka na msikiti?" Nikasema ndiyo, ulitaja. Akasema, "Mimi nilifundishwa balozi amjue mgeni ili mgeni asilale na njaa." Akarudia mara mbili. Sikuwahi kumwona mtu mzima amepotea njia uani kwake mwenyewe.

Kesi ya Rehani itasikilizwa Arusha. Tunakwenda, mimi na Mzee. Kila mtu ananiambia nisiende, kwamba wanaokwenda kusema kule hawarudi. Sadallah mwenyewe amekuja kunikataza, na yeye ndiye mwenye haki ya kufurahi. Lakini mimi nimechoka kusema kwa kificho. Nimesema kwa sauti kisimani nilipomwonea mtu, nitashindwaje kusema kwa sauti palipo na haki ya Rehani? Na mtoto wangu akikua na ule mkono akaniuliza, nimjibu nini? Kwamba nilinyamaza vizuri?

Katarina atakaa kwa Mosi. Usije kunizuia, barua hii ikikufikia tutakuwa tumekwisha kwenda.

Dada yako akupendaye, ingawa ulinidanganya kuhusu ukarani,
Xaveria


Nangara, Babati
18 Septemba 1983

Kwa Ndugu Damiani,
Namanga.

YAH: DADA YAKO NA MTOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Marseli, balozi wa nyumba kumi hapa Nangara, ulinijua ukiwa mtoto unayeiba miwa yangu. Naandika kwa kuwa dada yako hawezi kuandika kwa sasa. Niwie radhi, barua nizijuazo ni za ofisi.

Tulifika mbele ya baraza linalosikiliza kesi hizi. Rehani aliletwa, amekonda lakini anasimama wima. Dada yako akaulizwa, hela za Kenya zilizokutwa mkobani ni za nani? Akajibu, "Ni zangu." Nilimtazama, kwa kuwa najua si zake. Akaulizwa, wewe mkulima wa maharage umezipata wapi? Akajibu, "Nilizitafuta pale dawa zilipoisha hospitali. Na nyinyi mkiniruhusu leo kununua dawa kwa hela yetu, kesho sitazitafuta." Mmoja wao akamwambia ajibu swali tu. Akasema, "Nimejibu."

Nami nikaulizwa, unamfahamu mshitakiwa? Nikasema ni mgeni wangu, alikula kwangu. Nikaulizwa, mbona wewe ndiye uliyemripoti? Nikasema, sikumripoti, nilimsifu. Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikawaomba basi dawa za mtoto zirudi, hata kama watu watabaki. Wakaniambia dawa ni kielelezo cha kesi. Ziko pale juu ya meza, nilikuwa naziona, ningeweza kunyoosha mkono.

Rehani ameachiwa, kwa kuwa ilionekana alikuwa akibeba mali ya mwingine. Yuko Arusha kwa ndugu zake, ndiye anayempelekea dada yako chakula. Dada yako wamembakiza. Hawakusema mpaka lini. Aliponiaga aliniambia, "Mwambie Damiani asije kujitaja. Mwambie alete dawa."

Vidonge vya mtoto vinakaribia kwisha. Severine ameacha biashara ya kupita mpakani, anaogopa, simlaumu. Hii amekubali kuifikisha kwa mara moja ya mwisho. Kwa hiyo atakayeleta dawa ni wewe. Nimefikiri sana kabla ya kukuandikia hili, kwa maana najua nakuita mahali pa hatari.

Bendera bado iko kwangu. Nilitaka kuiteremsha na kurudisha mhuri, nikakumbuka watamweka mwingine, na huyo mwingine ana macho mazuri kuliko yangu. Nimeamua kubaki. Tangu Agosti nimeripoti kila Jumamosi: wageni hakuna. Katibu amefurahi, anasema nyumba kumi zangu ni tulivu.

Ukija, mtoto yuko kwa Mosi, nyuma ya duka la Sadallah, mtaa wa Bagara. Lakini kama una la kuchukua nyumbani kwenu, itakubidi upite mbele ya mlango wangu. Maisha yangu yote nimewakaripia watu wanaopita bila kusalimia. Sasa nakuomba: usipite kwangu kusalimia. Nisikuone. Mtu wa umri wangu hawezi kujifunza kusema uongo vizuri, ila naweza kutoona.

Wako katika ujenzi wa taifa, kwa kadiri ya nguvu zangu,
Marseli


Nangara
9 Oktoba 1983

Ndugu yangu Rehani,

Hii nampa Sadallah aje nayo Arusha. Ukiisha kuisoma ichome, na dada mwambie kwa mdomo utakapompelekea chakula. Usimpe karatasi.

Mwambie nimefika. Mwambie dawa ziko kwa Mosi, ndani ya kopo la majani ya chai, nyingi kuliko nilizowahi kununua. Nimeuza kila nilichokuwa nacho Namanga, hata viatu vyangu. Katarina amemeza mbele yangu. Ameniandikia jina langu kwa mkono wa kushoto, na dada alisema kweli, herufi zimelala, lakini zinasomeka. Nimemshika ule mkono ulioungua.

Wewe sijui nianzie wapi kukuomba radhi. Miezi ile yote ulikuwa na jina langu mdomoni hukulitoa. Dada naye amelificha kwa kujipaka matope yeye. Mimi nimechoka kufichwa na watu walio bora kuliko mimi. Najua ameniagiza nisijitaje. Mwambie nimemtii katika la dawa, la pili siwezi. Wiki ijayo nakuja Arusha, nitakwenda palepale alipokwenda yeye, nami niulizwe hela ni za nani. Kama watamwachia au watatuweka wote sijui. Naogopa sana, Rehani. Lakini usiku wa kuamkia leo ni wa kwanza mwaka huu ambao sikusaga meno. Mosi amethibitisha, alilala chumba cha pili.

Mwambie na hili, atataka kulisikia. Asubuhi nilikwenda nyumbani kuchukua shuka zake. Nilipofika karibu na kwa Mzee Marseli nilimwona amekaa nje, bendera juu yake. Kiti chake alikuwa amekigeuza, uso ukutani, mgongo barabarani. Kuku wanapita miguuni, yeye anatazama udongo wa ukuta wake. Watoto wa jirani wananiambia hukaa hivyo kila siku tangu mwezi uliopita, na watu wanasema Mzee ameanza kurukwa na akili.

Nilipanga kupita kimya kama alivyoniagiza. Nilifika usawa wake, nikapita, nikaenda hatua chache mbele. Nikashindwa. Tumelelewa vibaya sisi, Rehani. Nikasimama pale pale barabarani, nikasema, "Shikamoo, Mzee."

Hakugeuka. Aliitikia "Marahaba" kwa ukuta, na mabega yakawa yanamtikisika.

Damiani